Mazoea Hufichua: Mhadhara juu ya Mafumbo ya Siri



Nimealikwa Mombasa kuzungumza juu ya maandishi ya siri, na nikitazama nyuso zenu naona wengi mmekuja kusikiliza habari za majasusi. Majasusi watakuja, tena walipita mji huu huu. Lakini niruhusuni nianze na watoto. Watoto wa mwambao walikuwa na mtambo wao wa kuficha maneno kabla umeme haujafika, nao hauhitaji chuma wala karatasi. Mtambo huo ni kinyume.

Kanuni yake wengi mnaijua: silabi ya mwisho inahamishwa kuwa ya kwanza. Kesho inakuwa shoke, samaki inakuwa kisama, bandari inakuwa ribanda. Mwalimu, masikini, anakuwa mumwali. Mchezo wenyewe si wa jana. Edward Steere, mmisionari aliyekaa Unguja katika karne ya 19, aliweka mifano ya kinyume katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili, pamoja na sarufi na msamiati, kama jambo ambalo mgeni asipolijua atapitwa na mazungumzo. Naye alipitwa, bila shaka, ndiyo maana akaliandika. Anayekisema kinyume kwa kasi, bila kusita kati ya neno na neno, anaweza kumwacha mtu mzima ametumbua macho.

Sasa tazameni kasoro yake. Mtoto amewekwa mlangoni awaonye wenzake kwamba baba anakuja. Neno anakuja linageuka vizuri: jaanaku. Lakini baba? Chukua silabi ya mwisho, ilete mbele: baba. Mama hubaki mama. Dada ni dada, kaka ni kaka, bibi ni bibi. Babu anaponea chupuchupu, yeye huwa buba. Yaani watu wale wale ambao mtoto ana haja kubwa ya kuwaficha ndio ambao kinyume hakiwezi kuwaficha, na baba akisikia jina lake likifuatwa na sauti zisizoeleweka anajua kwamba jambo lipo. Kanuni haikukosewa hata kidogo. Lugha ndiyo iliyosaliti, kwa sababu Kiswahili kina mazoea ya kuwaita watu wa nyumbani kwa silabi moja iliyosemwa mara mbili.

Hoja yangu ya leo ni hiyo. Ukifuata historia ya mafumbo kuanzia Roma na Baghdad hadi simu iliyo mfukoni mwako, utakuta mfumbuaji mara chache ameshinda kwa nguvu. Ameshinda kwa kutazama mazoea: mazoea ya lugha, mazoea ya mtumaji aliyechoka, mazoea ya kidole kinachochagua namba ya siri.

Njia za kale za kuficha maandishi ni mbili, na nyingine zote ni watoto wa hizo. Ya kwanza ni ya kinyume: herufi zinabaki zile zile, mpangilio unavurugwa. Ya pili inaacha mpangilio ulivyo na kubadilisha sura za herufi. Mwanahistoria Suetonius anaeleza kwamba Julius Caesar aliandika mambo yake ya siri kwa kuisogeza kila herufi hatua tatu mbele katika alfabeti, A ikaandikwa D, B ikaandikwa E, na kuendelea. Katika miaka ya 1460 Leon Battista Alberti, Mtaliano msanifu wa majengo, alieleza chombo cha kurahisisha kazi hiyo: sahani mbili za duara, ndogo juu ya kubwa, zenye herufi pembeni, moja ikizunguka juu ya nyingine. Karne kadhaa baadaye chombo hicho kikageuka mchezo wa watoto. Katika miaka ya 1930 watoto wa Marekani waliosikiliza kipindi cha redio cha Little Orphan Annie walipata kutoka kwa mdhamini wake, Ovaltine, beji yenye gurudumu la herufi na namba. Mtangazaji alisoma namba, mtoto akageuza gurudumu na kuandika. Ovaltine ile ile tuliyokorogewa na mama zetu. Mdhamini alitaka kuuza mikebe, lakini bila kukusudia alikuwa akifundisha taifa zima la watoto elimu ya Alberti.

Tuijaribu njia ya Caesar kwa Kiswahili. Ujumbe ni mfupi: njoo kesho bandarini. Kwa kutumia alfabeti ya herufi 26 na hatua tatu tunapata:

QMRR NHVKR EDQGDULQL

Asiyejua Kiswahili ataona takataka. Anayekijua ana mahali pa kushika, tena pawili. Kwanza, ukiondoa maneno machache ya kukopa, maneno yetu yote huishia na irabu. Kwa hiyo R, R na L zilizo mwishoni ni irabu, na irabu ziko tano tu. Pili, herufi inapojirudia papo hapo, kama RR katika neno la kwanza, karibu kila mara ni irabu vilevile, kwa sababu Kiswahili kinasema njoo, saa, mzee, jogoo. Konsonanti hakizirudufishi ila m na n, kama katika mmoja na nne, na katika majina kama Hassan. Hatujahesabu chochote, hatujajaribu funguo 25, na tayari tunajua R ni irabu ambayo inaweza kujirudia. Nawaambieni kwa yakini, mwandishi wa siri anayetumia Kiswahili na kuacha nafasi kati ya maneno yake ameshampa adui nusu ya kazi. Utamu wa lugha yetu masikioni, ile tabia yake ya kufungua kila silabi, ndio udhaifu wake kwenye fumbo.

Wa kwanza tunayemjua kuandika kwa utaratibu juu ya udhaifu huu ni al-Kindi, mwanafalsafa wa Baghdad wa karne ya 9. Alikuwa mtu wa elimu nyingi, tiba, muziki, hesabu, nyota, na akaacha risala juu ya kufumbua maandishi yaliyofumbwa ambayo nakala yake imehifadhiwa Istanbul. Njia yake ni nyepesi hata inashangaza kwamba dunia iliisubiri muda mrefu namna ile. Tafuta maandishi ya kawaida katika lugha ile ile, ya kutosha kujaza karatasi. Hesabu kila herufi imetokea mara ngapi. Kisha hesabu alama za maandishi yaliyofumbwa. Alama inayotokea zaidi huenda ni herufi inayotokea zaidi, ya pili kwa ya pili, mpaka maneno yaanze kujitokeza. Mazingira yalimsaidia: Baghdad ya wakati ule ilikuwa na wanazuoni waliokwisha kuzoea kuzichambua na kuzihesabu sauti za Kiarabu. Kwa Kiingereza bingwa wa hesabu hiyo ni E, karibu herufi moja katika kila nane. Kwa Kiswahili ni A, na inawaacha wenzake mbali: chukua ukurasa wowote wa gazeti, utakuta hazipungui moja katika kila tano. Hata sentensi niliyoisema sasa hivi imejaa hizo.

Hesabu ya namna hiyo iliua watu. Mwaka 1586 Mary Stuart, aliyekuwa malkia wa Scotland na sasa mfungwa wa binamu yake Elizabeth wa Uingereza, aliandikiana na kijana Anthony Babington kwa alama za siri. Barua zilisafirishwa ndani ya mapipa ya bia. Kila moja ilipitia kwanza mikononi mwa Thomas Phelippes, mfumbuaji wa serikali, ambaye alizisoma bila taabu kubwa. Mary alikatwa kichwa Februari 1587. Asingekuwa na fumbo pengine angenyamaza. Alikuwa nalo, akaliamini, akaandika mambo ambayo hayaandikwi.

Dawa iliyopatikana Ulaya ilikuwa kubadilisha hatua kwa kila herufi kwa kufuata neno la siri: herufi ya kwanza isogee hatua nne, ya pili kumi na moja, ya tatu mbili, kisha kuanza upya. Mtu aitwaye Bellaso aliichapisha mwaka 1553, lakini sifa akazipata mwingine, Vigenère. Iliheshimiwa kwa karne tatu kama fumbo lisilofumbulika, hadi Friedrich Kasiski alipochapisha mwaka 1863 njia ya kulifumbua. Kosa lilikuwa pale kwenye kuanza upya. Neno la siri lilikuwa likijirudia, na kinachojirudia huacha alama.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1883, Auguste Kerckhoffs, Mholanzi aliyekuwa akifundisha Paris, aliandika kanuni ambayo mpaka leo kila mhandisi wa fani hii anaifahamu: mfumo ubaki salama hata adui akiujua wote, mradi asiujue ufunguo. Serikali na makampuni yamekuwa yakiisahau kanuni hii mara kwa mara, tena kwa gharama. Simu za mkononi za GSM zilipoenea katika miaka ya 1990, hesabu zilizotumika kutambua laini ya mteja zilifichwa kama siri ya biashara. Mwaka 1998 watafiti huko California walionyesha kwamba moja ya hesabu hizo, COMP128, ni dhaifu kiasi cha kuweza kunakili laini. Kama ingewekwa wazi tangu mwanzo, wanahesabu wa dunia wangeikosoa kabla watu hawajauziwa. Mimi mtu akiniambia mfumo wake ni salama kwa sababu hakuna anayejua unavyofanya kazi, huanza kutafuta njia ya kutokea.

Sasa Kilindini, bandari ya mji huu huu.

Desemba 1941 Japani ilianza vita na Waingereza na Wamarekani. Ofisi ya Waingereza ya kunasa na kufumbua mawasiliano ya Mashariki ya Mbali, kwa kifupi FECB, ilikuwa imeshahama Hong Kong kwenda Singapore. Wajapani walipoikaribia Singapore ikahamia Colombo mapema mwaka 1942. Tarehe 5 Aprili, Jumapili ya Pasaka, ndege za Kijapani zikaishambulia Colombo. Meli za Admeri wa Kiingereza James Somerville zikavuka bahari hadi pwani yetu, na wafumbuaji wakaja pia na makaratasi yao. Walipewa nafasi katika shule ya wavulana wa Kihindi inayotazama bahari, iliyobeba jina la Allidina Visram, tajiri wa Kihindi ambaye biashara yake ilianzia Bagamoyo. Wengine mmesoma shule hiyo. Mmekaa katika madarasa ambamo siri za meli za Japani zilifumbuliwa, na nadhani jambo hilo lilistahili kutajwa katika mji huu mara nyingi zaidi ya linavyotajwa.

Hali haikuwa nzuri. Mombasa iko mbali na bahari ambazo Wajapani walikuwa wakipigana, na mawimbi ya redio yaliyonaswa hapa yalikuwa hafifu na machache. Kazi mojawapo mezani ilikuwa fumbo lililopewa jina JN-40, lililotumiwa na meli za biashara za Japani, zile zilizobeba mafuta, mchele na askari. Kwa muda mrefu lilidhaniwa kuwa la aina ileile kama fumbo kuu la jeshi la majini la Japani: kitabu cha maneno yenye namba, na namba hizo kuongezewa namba nyingine za kuzificha. Walioshika dhana hiyo hawakufika popote.

Septemba 1942 Wajapani walifanya kosa katika kutuma, na kosa hilo likawapa John MacInnes na Brian Townend, wafumbuaji wawili wa Kilindini, mwanya wa kuona ndani. Walichokiona hakikuwa kitabu cha maneno kabisa. Kilikuwa na hatua mbili. Kwanza, kila alama ya maandishi inageuzwa kuwa namba ya tarakimu mbili kwa kutumia jedwali la namba mia moja. Pili, tarakimu hizo zinapangwa safu kwa safu na kusomwa upya kwa mpangilio mwingine. Niwape mfano wangu mwenyewe. Tuseme katika jedwali letu ke ni 47, sho ni 12 na ba ni 90. Tunapata 471290. Tuziandike kwa mistari miwili, 471 juu na 290 chini, kisha tusome kutoka juu kwenda chini: 427910. Tarakimu 4 na 7, ambazo kwa pamoja ndizo ke, sasa zimetengana, kila moja imekaa na jirani asiye wake. Anayehesabu jozi za tarakimu kwa njia ya al-Kindi anahesabu jozi za uongo.

Mnaona kilichofanyika. Hatua ya kwanza ni kubadilisha sura, kama Caesar. Hatua ya pili ni kuvuruga mpangilio, na huo ni ukoo wa kinyume. Nje ya dirisha la chumba kile, katika mitaa ya mji huu, walikuwepo watoto waliojua nusu ya kanuni ile kwa ulimi, na ndani walikuwemo wataalamu waliohangaika kwa miezi kwa sababu walidhani adui ametumia kitu kikubwa zaidi. Sisemi watoto wangelifumbua. Nasema ujuzi wa mtu unaweza kumfunga macho: aliyezoea kuona kitabu cha namba huona kitabu cha namba.

Ilipofika Novemba 1942 waliweza kusoma ujumbe wote wa zamani wa JN-40 uliokuwa umerundikana, na kila ujumbe mpya kadiri ulivyoingia. Katika wiki mbili zilizofuata wakafumbua mafumbo mengine mawili, JN-167 na JN-152. Safari za meli za mizigo na za askari wa Japani sasa zilijulikana, na meli ambayo safari yake inajulikana huweza kuviziwa. Mwaka uliofuata ofisi ikarudi Colombo, karibu zaidi na vita, na shule ikarudi kuwa shule.

Habari za Enigma, mashine ya Wajerumani, mmezisikia kiasi cha kutosha kwenye filamu, kwa hiyo nitazipitia haraka. Jeshi la Ujerumani liliamini wingi wa funguo: mashine ya magurudumu matatu yaliyochaguliwa kutoka matano, pamoja na nyaya kumi za mbele, ilikuwa na mipangilio karibu 159 ikifuatwa na sifuri 18. Namba hiyo haikuwaokoa. Walioanza kuifumbua, tangu mwishoni mwa mwaka 1932, walikuwa vijana watatu wa Poland, Marian Rejewski, Jerzy Różycki na Henryk Zygalski, na Julai 1939 waliwapa Waingereza na Wafaransa walichokuwa nacho. Filamu huwasahau. Baadaye, huko Bletchley Park, kituo cha wafumbuaji wa Uingereza, mazoea yaliendelea kusaidia. Mashine kwa maumbile yake haikuweza kuifumba herufi ikabaki yenyewe, A haikuwa A kamwe. Askari walituma taarifa za hali ya hewa kwa maneno yaleyale kila asubuhi. Opereta aliyetakiwa kuchagua herufi tatu bila mpango alichagua zilizo jirani kwenye kibodi, au za jina la mpenzi wake. Funguo trilioni ngapi zitamsaidia nini mtu anayechagua jina la mpenzi wake?

Je, lipo fumbo lisilofumbulika? Lipo. Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu, katika makala aliyoichapisha mwaka 1949: ufunguo uwe wa kubahatisha kabisa, uwe na urefu sawa na ujumbe, ubaki siri, na utumike mara moja tu. Wasovieti walitumia njia hiyo. Lakini kutengeneza kurasa za namba za kubahatisha ni kazi ya kuchosha, na katika vita, wakati mahitaji yalipozidi, kurasa nyingi zilichapwa mara mbili. Mradi wa Marekani wa kusoma siri za Wasovieti, uitwao Venona, ulioanzishwa Februari 1943 na Gene Grabeel, binti aliyekuwa mwalimu wa shule Virginia, uliishi kwa kosa hilo hadi mwaka 1980. Miaka 37 ya kazi, kwa sababu mtu fulani huko Moscow alirudufu karatasi.

Hadi hapo mafumbo yote yalikuwa na tatizo moja ambalo hakuna aliyelitatua: mimi na wewe tunahitaji ufunguo mmoja kabla hatujaanza kuandikiana. Tutaupelekaje? Kama kuna njia salama ya kupeleka ufunguo, si tuitumie kupelekea ujumbe wenyewe? Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, Wamarekani, walichapisha wazo lililogeuza fani nzima: ufunguo wa kufungia uwe mmoja na wa kufungulia uwe mwingine. Fikirieni nimegawa makufuli yangu sokoni yakiwa wazi. Yeyote anaweza kuweka barua sandukuni na kubana kufuli. Hata yeye mwenyewe akishabana hawezi kulifungua tena. Ufunguo sijampa mtu, uko kwangu.

Mwaka uliofuata Ron Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walipata hesabu ya kutengenezea kufuli hilo, na inaitwa RSA kwa herufi za majina yao. Tuifanye hapa kwa namba ndogo, walimu wa hesabu mnisahihishe. Nachukua namba tasa mbili, 3 na 11. Nazizidisha: 33. Natangaza kwa dunia nzima namba mbili, 33 na 3. Wewe unataka kunitumia siri, nayo ni namba 4. Unaizidisha kwa yenyewe mara tatu, 4 × 4 × 4, unapata 64. Unagawa kwa 33, unabaki na 31. Unanitumia 31, hata kwa kupiga kelele barabarani. Mimi nina namba yangu ya siri, 7. Naipandisha 31 kwenye kipeo cha 7, nagawa kwa 33, na baki ni 4. Siri yako imefika. Aliyesikia 31, 33 na 3 anahitaji kujua 7, na ili aipate 7 lazima ajue kwamba 33 imetoka kwa 3 na 11. Kwa 33 ni mchezo. Kwa 8,633 mtatafuta kwa dakika kadhaa kabla ya kupata 89 na 97, ingawa kuzizidisha kunawachukua sekunde. Kwa namba za tarakimu mia sita na zaidi, kama zinazotumika leo, kompyuta za kawaida za dunia yote hazitoshi.

Wagunduzi wa RSA walivyojiamini! Agosti 1977 Martin Gardner alichapisha katika jarida la Scientific American ujumbe uliofumbwa kwa namba ya tarakimu 129, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeufumbua. Makadirio yaliyotolewa yalikuwa mamilioni ya miaka, muda usio na maana kwa binadamu. Mwaka 1994 watu wa kujitolea takriban 600, wakiunganisha kompyuta zao kupitia intaneti kwa miezi kadhaa, waliipasua namba ile. Ujumbe ukasema upuuzi mtupu juu ya tai mla mifupa mwenye kinyaa. Hesabu haikuwa na kosa; waliokadiria walizoea kompyuta na mbinu za mwaka 1977.

Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba Waingereza wa shirika la ujasusi la GCHQ walikuwa wamefika hapo kabla: James Ellis kwa wazo mwaka 1970, Clifford Cocks kwa hesabu mwaka 1973, Malcolm Williamson mwaka 1974. Walikuwa wamefungwa midomo na kazi yao. Ellis alifariki Novemba ya mwaka huo huo, wiki chache kabla ya tangazo.

Leo hesabu za ukoo huo ziko mifukoni mwenu. Tangu Aprili 2016 kila ujumbe wa kawaida wa WhatsApp hufumbwa ndani ya simu ya mtumaji na kufumbuliwa ndani ya simu ya mpokeaji, kampuni yenyewe iliyo katikati ikiwa haina ufunguo. Kwa muundo ni kazi nzuri sana, na sina la kuibeza. Kisha mtu anaiweka siri yake katika kikundi cha ukoo chenye watu mia mbili, na shemeji mmoja anapiga picha ya skrini.

Upande wa fedha ni huohuo. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na huduma za namna hiyo zilipoenea Afrika Mashariki, mama muuza samaki alipewa kitu ambacho zamani kilikuwa cha mabalozi: ufunguo wa siri wa kwake peke yake. Tarakimu nne, uwezekano 10,000. Kwa kuwa akaunti hufungwa baada ya kukosea mara chache, 10,000 zinatosha. Lakini wangapi humu wametumia mwaka wa kuzaliwa? Msiinue mikono. Anayejua tu kwamba umetumia mwaka, na kwamba umezaliwa kati ya 1950 na 2009, ana miaka 60 ya kujaribu, si 10,000. Aliyeokota pochi yako yenye kitambulisho hana haja ya kujaribu mara mbili. Ni yule yule opereta wa Enigma na jina la mpenzi wake.

Na wapo wasiohangaika na namba kabisa. Watanzania wengi wameupata ule ujumbe mfupi: ile hela itume kwenye namba hii. Hauna jina, hauna salamu. Mwandishi wake ametuma maelfu, akijua kwamba siku hiyo, mahali fulani, kuna mtu aliyekuwa kweli anasubiri kuambiwa namba ya kutumia hela: kodi ya nyumba, ada, mchango wa harusi. Mtu huyo ataiandika namba ya siri kwa mkono wake mwenyewe, na mtandao utaufumba muamala ule kwa ustadi wote wa hesabu ya kisasa hadi uwafikie wezi salama salimini. Mimi humwona mwandishi yule kuwa mfumbuaji hodari, ingawa ni mwizi. Hajasoma al-Kindi lakini amehesabu kitu gani hutokea mara nyingi katika maisha yetu.

Muda wangu umekwisha, na mwenyekiti ananitazama. Vijana walioniuliza kabla ya mhadhara kama nitawaachia kazi, nimewaachia. Kila herufi imesogezwa idadi moja ya hatua katika alfabeti ya herufi 26, na hatua si tatu. Maneno nimeyateua makusudi ili hesabu ya al-Kindi iwapoteze kidogo: alama inayojirudia zaidi siyo A. Badala yake tazameni miisho. Maneno ni saba, na herufi zinazoyamaliza ni tano tu, H, L, P, V na B. Zipangeni kwenye duara la alfabeti mhesabu nafasi kati yake, kisha mhesabu nafasi kati ya a, e, i, o na u.

BMBUNBV BRV JOPUP FH QHTCP BZPTDHTIPL TAB